Negative Tatu za Mwalimu Chebet

Siku hizi mnaniita niwatembelee maabara, mnanipa kiti na chai ya maziwa, halafu mnanionyesha mashine. Ni mashine nzuri kweli. Mnaweka vioo upande huu, mnaenda lunch, mkirudi mnakuta vimepakwa rangi na kupangwa upande ule. Nafurahi nanyi. Lakini juzi nilimsikia mmoja wenu, simtaji, mwenyewe anajijua, akipiga simu wodini: "Yule wa matiti ni negative, zote." Akakata simu akaendelea na mambo yake. Nilimkaripia mpaka chai yangu ikapoa, na wengine mkaangaliana mkasema mama amezeeka vibaya. Sijazeeka vibaya. Vuta stuli uketi, nikwambie ni kwa nini neno hilo likisemwa hivyo, peke yake, silivumilii mpaka leo.

Kazi yangu ilikuwa histo. Nyama ikikatwa kwa mgonjwa, inakuja kwetu. Tunaiweka kwenye dawa isioze, tunaizamisha kwenye nta, tunaikata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tunavilaza kwenye kioo na kuvipaka rangi. Daktari anaangalia kwa darubini, anasema ni kansa au si kansa. Nimekata nyama za watu wa Nakuru, wa Molo, wa Gilgil, mpaka wakanibandika jina Mama Kisu. Jina langu ni Wambui, lakini hata mume wangu akija kunichukua jioni alikuwa anauliza pale mlangoni, "Mama Kisu ametoka?"

Maabara yetu ilikuwa ghorofani, katikati ya mji, na mwenyewe alikuwa Daktari Gurdip. Singasinga wa kuzaliwa hapa hapa Nakuru, mrefu, kilemba cha buluu, Kiswahili chake cha sokoni kabisa, na hasira zake zilikuwa karibu. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Somo lake la kwanza halikuwa la darubini, lilikuwa la chupa. Kuna hospitali moja ya mashambani ilituletea uvimbe ndani ya chupa ya soda. Nyama ikiwa mbichi ni laini, unaweza kuisukuma kwa kidole ikaingia popote. Ikikaa kwenye formalini, ile dawa yetu, inakuwa ngumu. Sasa itoe! Tuliifunga ile chupa kwa taulo tukaipasua kwa nyundo, Daktari akitukana kwa Kipunjabi, mimi nikiokota vigae. Chupa ya mdomo mpana, jamani. Hata ya majarini nitaosha nitumie, bora mdomo uwe mpana na dawa iwe nyingi kuliko nyama.

Somo la pili lilikuwa la haraka. Nyama ikikaa mezani bila dawa kwa sababu msaidizi ameenda chai, ndani yake kuna vitu vinakufa ambavyo utavitafuta baadaye na hutavipata. Wewe utafikiri havikuwapo, kumbe mliviua wenyewe. Kumbuka hilo, ndilo lililotunyima raha kwa siku kadhaa.

Mwaka wa 2007 Daktari alirudi kutoka Nairobi amebeba kibaridi kidogo kama cha kubebea chanjo. Ndani mlikuwa na vichupa vitatu, vidogo kuliko chupa ya wanja. Akaniambia, "Mama Wambui, tumechoka kutuma vitu Nairobi na kungoja mpaka mgonjwa amesahau kama aliumwa. Tutafanya hapa."

Nyinyi mnajua vichupa hivyo vilikuwa vya nini, lakini acha niwaelezee na wasiojua. Kansa ya matiti si moja. Kuna ile inayolishwa na homoni za mama mwenyewe. Seli zake zina vipokezi, kama midomo ya kulia hizo homoni. Hiyo unaipa vidonge, vinaziba ile midomo, inakonda. Nyingine haina midomo hiyo, na hata umlishe mama vidonge gunia zima, haishtuki. Vichupa viwili vilikuwa vya kutafuta vipokezi vya homoni. Cha tatu kilitafuta kitu kinaitwa HER2, ambacho kina sindano yake maalum, na sindano hiyo sisi wakati huo tuliiona magazetini tu. Ukiona rangi ya kahawia kwenye seli, kitu kipo. Ukiona buluu tupu, hakipo. Kutokana na hapo daktari wa dawa anajua aanze na vidonge au aende moja kwa moja kwa drip, ile dawa kali ya kupitishwa mshipani.

Sasa hiyo rangi haiingii hivi hivi. Lazima kwanza uchemshe vioo kwa presha, ndiyo ile formalini iachilie. Mnacheka? Mashine ya kuchemshia ilikuwa bei ya gari. Daktari akanituma kwa duka la vyombo pale mtaa wa Wahindi nikanunue sufuria ya presha, ile ya filimbi. Mwenye duka akanipigia hesabu ya watu wa nyumbani kwangu. "Mama, githeri ya watu wangapi?" Nikamwambia, "Wageni wangu hawali." Tulichemsha vioo kwenye sufuria hiyo miaka mingi, na baada ya hapo tunavilaza ndani ya mkebe wa sandwich wenye karatasi iliyolowa maji, visikauke. Kioo kikikauka kinadanganya. Mkebe huo ninao bado nyumbani.

Basi. Desemba ya mwaka huo, kabla ya uchaguzi, tuliletewa chupa kutoka kwa daktari wa upasuaji hapa mjini. Mgonjwa alikuwa Mwalimu Chebet, wa shule ya msingi upande wa Olenguruone. Alikuwa na uvimbe mkubwa kwenye titi la kushoto, mkubwa sana kukatwa kwanza. Daktari wa upasuaji alitoa kipande tu, akasema: tujue ni kansa ya aina gani, ili dawa iupunguze kabla ya kisu. Aliyeleta chupa ni mumewe. Wakati huo desturi ilikuwa hivyo, kwetu na kwa wengine, mwenye kuleta chupa ndiye anayerudi kuchukua majibu. Mzee Koros, mkulima, koti zito la baridi ya Mau, kofia mkononi. Aliniuliza dirishani, "Mama, kama ni ile ya vidonge tutafanya nyumbani, sivyo? Hiyo drip inamuogopesha sana." Nikamwambia angoje majibu. Mwalimu mwenyewe sikuwahi kumwona. Nilijua titi lake kabla sijajua uso wake.

Nilichemsha, nikapaka, nikaosha. Buluu. Vioo vyote vitatu, buluu tupu.

Daktari hakukubali haraka. Hapo ndipo mtu anaonekana amefunzwa au hakufunzwa. Aliniambia, "Usiniambie negative. Niambie unaona nini kwenye mirija ya kawaida." Kwa sababu kando ya kansa huwa kuna mirija mizima ya maziwa ambayo haina ugonjwa, na hiyo lazima iwe na vipokezi vyake. Ikiwa nayo ni buluu, basi rangi yako haikufanya kazi, ama nyama ilikaa nje ya dawa, na majibu yako ni takataka. Tulirudia. Nikapiga simu theatre, chumba cha upasuaji, kuuliza nyama ilikaa mezani muda gani, wakakasirika, nami nikakasirika zaidi. Kisha Daktari akapata kamrija kamoja pembeni, kazima, ka kahawia vizuri kabisa. Rangi ilikuwa imefanya kazi. Kansa yenyewe ndiyo haikuwa na kitu.

Akavua miwani. "Hii ni kali," akasema. "Inakua mbio. Vidonge ni bure kwake. Lakini Mama Wambui, hizi zinazokua mbio ndizo drip inazikamata vizuri zaidi. Aanze sasa hivi. Akichelewa, hatutaongea habari ya kupunguza, tutaongea habari ya mapafu." Akaandika ripoti, akaenda hospitali kwa kazi nyingine, akisema mzee akija aketishwe amngoje amweleze mwenyewe.

Mzee Koros akaja kabla Daktari hajarudi. Mimi nilikuwa ndani na kisu changu. Dirishani alikuwa Sharon, msichana mzuri, mwenye adabu, ila alikuwa ametoka kufanya kazi VCT. Na nyinyi mlikuwa wadogo, hamjui VCT ilikuwa nini kwetu miaka ile. Kila mji ulikuwa na kibanda cha kupimwa ukimwi, kila mtu alikuwa amepoteza mtu. Neno positive lilikuwa jeneza. Neno negative, watu walikuwa wanatoka nje wakiruka. Mzee akauliza, "Sista, imetoka aje?" Sharon akaangalia karatasi, akatabasamu kwa moyo wake wote: "Mzee, zote tatu ni negative!"

Nilisikia kelele nikatoka na glavu mikononi. Sharon alikuwa anapangusa machozi. "Amelia hapa, Mama Kisu. Amepiga magoti hapo hapo akaomba. Ameniambia Mungu anibariki, ati anakimbia kumwambia mkewe kabla ya Krismasi."

"Amemngoja Daktari?"

"Wa nini tena? Si ni negative?"

Nilishuka ngazi na glavu zangu, nikatafuta kile kichwa chenye kofia mpaka stendi, watu wananipisha kama mwendawazimu. Gari la Olenguruone lilikuwa limeondoka. Nambari ya simu aliyotuachia haikupatikana, siku hiyo na siku zilizofuata. Tukasema atakuja baada ya sikukuu.

Mnajua yaliyofuata baada ya kura, makabila yakageukiana. Sitayasimulia yote, wengine wenu wazazi wenu walikimbilia uwanjani, wakalala chini ya mahema. Nitasema tu kwamba mimi ni Mkikuyu, Mwalimu Chebet ni Mkalenjin, na wiki ile hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza mtu alitaka kujua juu yako. Barabara ya kwenda kwao ilifungwa kwa mawe na miti. Watu wa kwetu walishuka kutoka huko na magodoro kichwani. Nami niko ghorofani, naona moshi, na ninachofikiria ni seli za buluu zinazogawanyika. Nilikuwa naona haya kufikiria mgonjwa mmoja wakati ule, lakini ndivyo ilivyokuwa, sikuweza kuziondoa kichwani.

Nilipiga ile nambari kila siku. Kadi za simu zilikuwa zimeadimika, ukiipata unauziwa kama dhahabu. Nilitaka tuombe redio inayotangaza kwa lugha yao imwite, Daktari akakataa. "Utasema nini hewani? Mwalimu Chebet, rudi, kansa yako haikuisha? Wanafunzi wake wanasikiliza." Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa kuwa na haki.

Halafu asubuhi moja simu ikaita. Ikaita kweli. Nilishtuka nikasimama.

"Haloo?" Sauti ya Mzee Koros.

"Mzee, habari za huko? Hapa ni maabara, Nakuru. Tafadhali reta…" Nikajisikia. Ulimi wangu wa Kikikuyu, nikiwa na wasiwasi, l inakuwa r. Na yeye akasikia.

Akauliza, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Wambui. Wa maabara. Tuliongea dirishani."

"Unataka nini, Wambui?"

"Uje na Mwalimu. Haraka sana."

"Nije Nakuru." Alicheka kicheko kibaya. "Unaniita Nakuru saa hizi, mimi Koros, na bibi yangu. Unajua kinachotungoja kwa barabara. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma! Mwalimu ni mgonjwa!"

"Mlisema negative. Mlinipatia negative tatu. Kanisa lote limetoa shukrani. Tumechinja. Sasa imekuwa positive kwa sababu ya siasa?"

Wallahi nilitaka kulia na nilitaka kumpiga. Kredo ya simu ilikuwa inaisha na huyu ananiletea siasa. Nikamwambia, "Mzee, nisikize, kisha unitukane. Hiyo negative si ya VCT. Kansa iko. Tangu mwanzo iko. Tulichopima si kama iko ama haiko. Tulipima ni dawa gani itaishika. Na zile tatu, haisikii hata moja."

Nilisikia ng'ombe upande wake, na mtu anafunga lango. Nikafikiri ameweka simu chini. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejisemea:

"Kama kupe."

"Nini?"

"Unaogesha ng'ombe, unamtoa, unakuta kupe wanakuangalia tu. Wamezoea hiyo dawa. Mpaka ubadilishe."

"Ndiyo! Ndiyo, mzee, ni hiyo!"

"Kwa hivyo uliniambia dawa tatu ambazo haziui."

"Ndiyo. Lakini iko inayoua. Ile drip. Hii aina yake drip inaishika sana, lakini ni sasa."

Akavuta pumzi, ikakatika katikati, nikajua mzee analia. "Uvimbe umekua," akasema. "Alikuwa ananificha. Juzi nimeona nguo…" Na simu ikafa. Kredo imeisha. Sharon alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika mdomo. Sikumtukana. Mtu akisemewa neno kila siku kwa maana moja, utamlaumu vipi? Nilimtuma tu akazunguke mji mzima aniletee kadi.

Mpango tuliufanya kwa sms, na kila moja nilidhani ndiyo ya mwisho. Nakuru hawangefika. Lakini kutoka Olenguruone mtu anaweza kuteremka upande wa Bomet, azunguke Narok, atokee Mai Mahiu, apande escarpment, ule ukingo wa bonde, mpaka Nairobi. Mbali mno, lakini ilikuwa inapitika siku nyingine. Daktari wa kansa Nairobi alikubali kumpokea, akasema bila ile nyama na vioo hamwekei dawa mtu kwa maneno ya simu. Kwa hivyo sisi tungeteremka na sanduku la vioo na vibloku vya nta yenye ile nyama mpaka Mai Mahiu, tukutane nao. Mume wangu aliniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia inawezekana.

Tulienda kwa Peugeot ya Daktari, tukifuata msafara wa malori uliosindikizwa na polisi. Naivasha msafara ukaachana nasi. Tulibaki peke yetu kwenye ile barabara ya chini, mlima wa Longonot uko kando, hakuna hata punda barabarani. Hamjui ukimya wa barabara hiyo bila malori. Karibu na reli tukakuta mawe, na vijana.

Wakauliza vipande vya utambulisho. Changu wakakisoma jina, wakakirudisha, wakaniita mama kwa sheng: "Sawa, mathe." Nilitakiwa nifurahi. Sikufurahi, kwa sababu walikuwa vijana wa kwetu, nilijua wanatafuta majina gani, na gari lenye Koros ndani lilikuwa linakuja mbele yetu. Mmoja wao, shati limefungwa kichwani, akaona sanduku mapajani mwangu.

"Iko nini hapo?"

Daktari akataka kusema, nikamwahi. "Nyama."

"Nyama gani?"

"Ya mtu."

Akafikiri namfanyia mzaha. Akalinyakua, akafungua. Akakuta vile vibloku vya nta, na vioo. Akainua kimoja juani, akaona ile nyama imelala ndani ya nta, kijivu.

"Ya nani?" Sauti ilikuwa imeshuka.

Hapa muelewe kwa nini Daktari alitulazimisha kuandika nambari tu kwenye bloku, bila jina. Alikuwa anasema ni heshima ya mgonjwa, nasi tulinung'unika kwamba ni kazi mara mbili. Ripoti yenye jina la Chebet ilikuwa kifuani kwangu, ndani ya sidiria. Nikamwambia, "Ni ya mama mwenye kansa ya titi. Akikosa kufika leo atakufa. Ukiivunja hiyo, utakuwa umemuua wewe. Shika vizuri."

Akairudisha sandukuni, akapangusa vidole kwa suruali, mara nyingi. "Pitisha hii gari," akawaambia wenzake. "Pita, mathe, na huo uchawi wako." Walivingirisha mawe. Daktari aliendesha mpaka tukapita ile kona, akasimamisha gari, akaegemeza kilemba chake kwenye usukani.

Mai Mahiu malori yalikuwa yamejaa kandokando, yamekwama, madereva wamelala chini yake. Tukaingia kibanda cha chai. Tukangoja. Simu ya mzee haipatikani. Kila pickup iliyotokea upande wa Narok nilikuwa nasimama. Mwenye kibanda, mama wa kwetu, akaniuliza kwa lugha yetu nangoja nani. Nikasema wagonjwa. Akauliza wa wapi. Nikamwambia, "Weka chai ya watu wanne na usiniulize tena." Aliniangalia, akaelewa, na nashukuru mpaka leo kwamba alichofanya ni kuongeza maji kwenye sufuria na kufunga mlango wa upande wa barabara.

Walifika kwenye lori la mizigo, wamefunikwa na turubai pamoja na magunia ya viazi. Mzee Koros alishuka kwanza, vumbi mpaka kope. Kisha akamshusha mkewe. Mwanamke mfupi, sweta ya kijani, ameshika mkono wa kushoto usiguse kifua. Huyo ndiye niliyekuwa nimekata nyama yake vipande vyembamba, na sasa ananisalimia kwa mkono.

Tukaketi. Daktari akatoa vioo, akamgeukia mzee. "Mzee Koros, hali ya bibi yako ni hivi…"

"Daktari," akasema Mwalimu Chebet. Hakupaza sauti. Hiyo ni sauti ya darasa, ile inayonyamazisha hata wa nyuma. "Titi ni la nani?"

Daktari akaweka vioo mezani.

"Chupa mlimpa yeye. Majibu mlimpa yeye. Mlipokosea, mlimpigia simu yeye. Yeye akiambiwa negative anakuja kunikumbatia, na mimi nalala usiku nasikia kitu kinanisukuma ndani, nasema, sasa nitamwambiaje huyu mtu aliye na furaha hivi? Nilijua. Siku zote nilijua. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza."

Mzee Koros aliangalia kikombe. Mimi pia. Daktari Gurdip, ambaye sikuwahi kumsikia akiomba mtu radhi, aliinuka, akachukua kiti chake akakigeuza kikamwelekea yeye. "Nisamehe, Mwalimu," akasema. "Tuanze upya." Akamweleza yote, midomo, vipokezi, buluu, drip. Nywele zitaanguka. Utatapika. Mwalimu alisikiza bila kupepesa.

"Itashika?"

"Siwezi kukuapia. Ila kwa aina yako, ndiyo dawa inayoshika, na mara nyingi inashika haraka. Ukirudi nyumbani, haitakungoja."

Akamaliza chai yake. "Basi tunakaa hapa kufanya nini?"

Dada wa Daktari alikuwa na nyumba Nairobi, huko ndiko walikaa, Mwalimu Chebet na mumewe, wakila chapati za Kisingasinga miezi ile yote ya drip. Siku chache baada ya sisi kurudi, ile barabara tuliyopita iliwaka moto. Watu walikufa hapo. Sijui yule kijana wa mawe alifanya nini siku hizo na ile mikono, na huwa sipendi kufikiria.

Uvimbe ulianza kupungua baada ya drip za kwanza. Alinitumia sms mwenyewe: "Umekuwa kama yai." Baadaye, "Sasa ni kama ndengu." Baadaye, "Siupati." Daktari wangu alikuwa anazisoma na kukunja uso, kwa sababu mkono haugusi kila kitu, na uvimbe unaweza kupotea mkononi ukabaki kwenye darubini. Barabara zilipofunguka akafanyiwa upasuaji hapa hapa Nakuru. Titi lote likaja kwetu ndani ya ndoo ya mdomo mpana, limezama vizuri kwenye dawa. Mzee Koros ndiye aliyelibeba. Nikamwambia, "Mzee, majibu sikupi wewe." Akasema, "Hata ungenipa singechukua. Nimekatazwa."

Nililikata lote. Vijana, nikisema lote, mnielewe. Pale uvimbe ulipokuwa pamebaki kovu jeupe, gumu, na kovu hilo nililimaliza bloku baada ya bloku. Daktari anaangalia, ananiambia, "Lete nyingine." Ananiambia, "Kata ndani zaidi." Mgongo wangu uliwaka. Nilikuwa nangoja aseme, ah, hii hapa. Kila akikaa sana kwenye darubini niliacha kukata. Tulichemsha sufuria, tukapaka, tukatafuta kwenye tezi za kwapani. Mwishowe aliinua kichwa, macho mekundu. "Hakuna," akasema. "Mama Wambui, hakuna hata seli moja."

Nilimwambia simu nitapiga mimi.

Iliita mara nyingi. Alipopokea nikasikia watoto wakiimba hesabu za kujumlisha, kelele tupu. Alikuwa amekatazwa kurudi kazini mapema, lakini nani wa kumkataza yule. "Ngoja," akaniambia. Akawaambia watoto wanyamaze. Walinyamaza wote, mara moja.

"Sema, Wambui."

Nikamwambia polepole, kwa Kiswahili, bila neno hata moja la maabara. Kansa tuliyoiona Desemba, tumeitafuta kila mahali kwenye titi lako, na kwapani, hatukuipata. Drip imeiua. Utaendelea kuchunguzwa, kwa maana hii inaweza kurudi, lakini leo hatukuipata.

Mimi machozi yalikuwa yanadondokea kisu, nikiwa na haraka ya kukipangusa kisishike kutu. Nilisubiri apige kelele, aombe, aniambie Mungu anibariki. Nilimsikia akipumua tu. Kisha akageukia darasa, na nikasikia ile sauti yake, imara kabisa isipokuwa mwishoni:

"Fungueni vitabu. Ukurasa ule wa jana."